Sura ya 6: Ngoma za Tengboche

Anayetaka kwenda Khumbu kwa ajili ya Mani Rimdu aanze kwa kuutazama mwezi. Sherehe hii ya watawa wa Kibudha hufanyika kila mwaka katika monasteri ya Tengboche, mita 3,867 juu ya usawa wa bahari, kaskazini mashariki mwa Nepal. Siku zake hufuata kalenda ya Kitibeti, inayohesabu miandamo ya mwezi, kwa hiyo kwa kalenda yetu ya ukutani huangukia mwishoni mwa Oktoba au mwezi wa Novemba, na tarehe hubadilika kila mwaka. Kisichobadilika ni kwamba siku ya baraka huwa siku ya mwezi mpevu. Ndege, vitanda, wapagazi na siku za mapumziko, vyote huhesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka siku hiyo. Wakala anayekupangia kwanza tarehe ya kuondoka Kathmandu, kisha akasema sherehe mtaikuta tu njiani, hajui anachokuuzia.

Msimu wenyewe ni mzuri. Mvua za masika ya huko, zinazonyesha kuanzia Juni hadi Septemba, zimekwisha. Vumbi limetulia na anga ni safi kiasi kwamba ukiwa Tengboche unaiona Ama Dablam, mita 6,812, na nyuma ya ukuta wa Nuptse na Lhotse kinachungulia kilele cha Everest. Usiku maji huganda ndani ya chupa. Ndiyo miezi ambayo dunia nzima hutaka kuja, na ndiyo maana vitanda vya Tengboche huadimika.

Njia yenyewe nitaipita haraka, kwa kuwa vitabu vinavyoieleza ni vingi. Ndege ndogo hutua Lukla, kwenye kiwanja kilichoanzishwa mwaka 1964 kwa juhudi za Edmund Hillary. Njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 527 tu na imejengwa kwa mwinamo, ili ndege inayotua ipunguze mwendo kwa kupanda na inayoondoka iongeze mwendo kwa kushuka. Wakati wa msongamano safari nyingi za ndege haziondoki Kathmandu bali Ramechhap, na kufika huko ni saa kadhaa kwa gari, usiku. Kutoka Lukla unaufuata mto Dudh Kosi, unavuka madaraja ya kuning'inia yaliyofunikwa na bendera za sala, unalala Phakding, unaingia Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha iliyoanzishwa mwaka 1976, kisha unapanda mita 600 za jasho hadi Namche Bazaar, mita 3,440.

Hapo Namche ndipo mwongozaji mzuri hujulikana. Kanuni ya madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku chache upumzike siku nzima. Tengboche hewa ina shinikizo lisilofika theluthi mbili ya lile la pwani, na mwili unahitaji muda wa kuzoea. Kichwa kikianza kuuma, chakula kikikataa na usingizi ukatoroka, hupandi tena mpaka upate nafuu. Ukianza kupepesuka kama mlevi au kukohoa huku ukikosa pumzi hata umekaa, unashushwa, iwe mchana au usiku. Si aibu, wala si suala la ukakamavu. Washerpa, wenyeji wa Khumbu, kama Watibeti, wamerithi vinasaba vinavyousaidia mwili wao kutumia hewa nyembamba. Kimojawapo, EPAS1, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa kilitoka kwa Wadenisova, binadamu wa kale waliokwisha kutoweka. Mgeni hana urithi huo. Ana siku tu, na mpango unaozipunguza ili safari iwe ya bei rahisi unamchezea uhai wake.

Msomaji aliyepanda Kilimanjaro ataujua mwendo huu, na atapata picha ya urefu: kambi ya chini ya Everest, mita 5,364, iko chini ya kilele cha Uhuru kwa zaidi ya mita 500. Wapagazi pia atawatambua, maana kazi yao ni ileile ya wenzao wa Moshi na Marangu. Wengi wao si Washerpa hata kidogo. Ni Warai na Watamang kutoka mabonde ya chini, ambao nao huugua wakipanda upesi na hupigwa na baridi kama mtu mwingine yeyote. Kabla ya kulipa, uliza mzigo wao una kilo ngapi, wana koti na viatu gani, na watalala wapi usiku wa sherehe ambapo kila chumba kimejaa. Jibu la kusitasita ni sababu ya kutosha ya kutafuta wakala mwingine.

Siku ya kuingia Tengboche, njia kutoka Namche hukata ubavu wa mlima kwa saa mbili hivi, tambarare kuliko ulivyotarajia, kisha hushuka hadi mtoni Phunki Tenga na kukurudishia deni lote: mita 600 za kupanda katikati ya msitu wa misonobari na rhododendroni. Juu kuna lango, na nyuma ya lango uwanda wa majani ambao monasteri imeusimamia kutoka kilima chake.

Jengo hilo linaonekana la kale. Si la kale. Tengboche ilianzishwa mwaka 1916 na Lama Gulu, na ilikuwa monasteri ya kwanza ya watawa wasiooa katika Khumbu. Kabla ya hapo Washerpa, ambao mababu zao walivuka kutoka Tibet ya mashariki yapata miaka 500 iliyopita, walikuwa na mahekalu ya vijijini kama lile la Pangboche, yaliyohudumiwa na malama wenye wake na mashamba. Aliyehimiza ujenzi alikuwa Ngawang Tenzin Norbu, lama mkuu wa Rongbuk, monasteri aliyoianzisha mwaka 1902 upande wa pili wa Everest, ndani ya Tibet. Fedha zilitoka kwa wafanyabiashara wa Kisherpa waliotajirika kwa kupitisha bidhaa kwenye njia za milimani, katika enzi ambayo vijana wao walikuwa pia wakielekea Darjeeling, chini ya Waingereza, kutafuta kazi za mshahara. Mwanaanthropolojia Sherry Ortner aliifuatilia habari hii katika kitabu chake cha mwaka 1989, *High Religion*, na mtu akiisoma hawezi tena kudhani kwamba dini ya mahali hapa iliishi peke yake mlimani hadi watalii walipokuja kuivuruga. Fedha za njia ya mlima ndizo zilizoinyanyua.

Huo ndio msimamo wa sura hii, nami nausema wazi kwa kuwa nimechoshwa na maandishi yanayolia kwamba Mani Rimdu imeharibiwa na wageni. Kutoka siku zake za mwanzo, sherehe hii imeishi bega kwa bega na watu wanaokwenda mlimani kwa sababu nyingine. Waingereza walipofika Rongbuk mwaka 1922 kujaribu Everest kwa upande wa kaskazini, kiongozi wao, Jenerali Charles Bruce, alikwenda kwa lama yuleyule na kumweleza kuwa safari yao ni namna ya hija. Mwezi Juni mwaka huo poromoko la theluji liliwaua wapagazi saba. Lama aliandika baadaye katika tawasifu yake kwamba aliwahurumia watu hao kwa kuteseka kiasi kile kwa kazi isiyo na maana. Hata hivyo aliwapokea, akawapa chakula na baraka. Msimamo huo, wa kutokukubaliana na jambo na bado kumkirimu anayelifanya, upo Tengboche hadi leo.

Mani Rimdu ilitungwa Rongbuk, mikononi mwa lama huyohuyo, kutokana na ibada na ngoma za kitawa ambazo Watibeti huzihusisha na Padmasambhava, mwalimu wa karne ya 8 aliyeuleta Ubudha wa kitantra kwao. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ikavuka milima na kuingia Khumbu. Mara mbili ingeweza kufa. Tetemeko la Januari 1934 liliiangusha Tengboche, na Lama Gulu akafariki karibu na wakati huohuo. Watu wakaijenga upya. Tarehe 19 Januari 1989, muda mfupi baada ya umeme kufika, moto uliotokana na hitilafu ya umeme uliteketeza vitabu, michoro na vinyago. Ikajengwa tena kwa michango ya Washerpa na ya wapanda milima wa nchi nyingi, na kuwekwa wakfu mwaka 1993. Huko ilikozaliwa mambo yalikuwa mabaya zaidi. Baada ya mwaka 1959 watawa wengi wa Rongbuk walikimbilia Nepal, na wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni ya China monasteri yao ikavunjwa. Kwa miaka mingi ngoma zilizotungwa kaskazini mwa Everest zilichezwa kusini mwake tu.

Kinachouzwa kwenye vipeperushi ni siku tatu. Ibada nzima ni ya siku 19, na sehemu kubwa hufanyika ndani, bila mtazamaji. Watawa huanza kwa kutengeneza mandala: kasri la kiungu linalochorwa kwa mchanga wa rangi, punje kwa punje, kwa siku kadhaa. Mwenye kasri hilo ni Garwang Thoze Chenpo, Bwana wa Ngoma, mmojawapo wa sura za Chenrezig, bodhisatwa wa huruma. Kando ya mandala huwekwa vidonge vidogo vyekundu, na kwa siku nyingi watawa hukariri dhikri ya Chenrezig yenye silabi sita mbele yake, wakiamini kuwa ukariri huo unavitia nguvu ya huruma yenyewe. Kwa Msherpa aliyepanda kutoka kijijini, vidonge hivyo ndiyo sababu ya kuja. Ngoma ni za furaha, ni za mafunzo, na zina heshima yake. Lakini bibi mwenye magoti mabovu hapandi mita 600 kwa ajili ya vinyago.

Ndiyo maana namsihi msafiri asikose siku ya kwanza ya hadharani, ingawa haina cha kupiga picha sana. Huitwa Wong, siku ya kupokea baraka. Lama mkuu huketi kwenye kiti chake cha enzi, huongoza sala ndefu, kisha watu hupita mmoja mmoja. Kila mtu hupokea kidonge cha mani, kile chekundu cha kando ya mandala, kidonge cha umri mrefu, na tone la kinywaji kilichobarikiwa. Matajiri wa Namche wenye hoteli, wachunga yaki, wapagazi wa Kirai, watoto waliobebwa mgongoni, wote wamo foleni. Mgeni anaruhusiwa kusimama nao. Akitaka kupokea, apokee kwa mikono miwili na kichwa kimeinama, na akiwa na skafu nyeupe ya khata aitoe hapo. Ikiwa dini yake haimruhusu, akae pembeni kwa adabu, hakuna atakayemuuliza.

Siku ya pili ni ya ngoma. Huchezwa uani, mbele ya ukumbi mkuu, watu wakiwa wamejaa kwenye roshani zinazouzunguka ua na wengine wamekaa chini kwenye mawe. Zumari mbili hutangulia, matoazi hufuata, kisha hulia baragumu za shaba ndefu kuliko mtu, ambazo midomo yake hulazwa chini. Yeyote aliyewahi kusikia siwa ikipulizwa Lamu ataelewa mara moja: sauti ile haiimbi, inatangaza kwamba mwenye enzi amefika.

Kwanza hutoka Serkyem, wachezaji wa kofia nyeusi pana wanaozunguka polepole na kumimina kinywaji kwa miungu na kwa roho wa nchi, kuomba ruhusa ya uwanja. Baadaye hutoka Dorje Drolo, peke yake, kinyago chake kikiwa na meno na macho ya hasira. Ni Padmasambhava katika umbo la ukali, alilolivaa kuwatiisha mashetani wa Tibet na kuwaapisha wailinde dini badala ya kuipinga. Mwendo wa mikono na miguu hapa una maana kwa kila hatua, na mchezaji anatakiwa moyoni kuwa yule anayemwigiza. Kwa mtawa hiyo ni tafakuri inayofanywa kwa mwili. Hutoka pia walinzi wa imani, mmoja baada ya mwingine na vinyago vyao vizito, na Durdag, mabwana wa makaburini waliovaa mifupa ya kuchorwa, wanaorusha na kuburuza sanamu ndogo ya maiti mpaka watoto wanapiga kelele.

Katikati ya ukali huo huingia Mi Tshering, mzee wa umri mrefu, mwenye kinyago cheupe cha uso mpole na nywele za mvi. Anataka kumfundisha msaidizi wake kusujudu na kutoa sadaka, na msaidizi hafundishiki. Mzee mwenyewe anaanguka, anasahau, anapigwa, anaamka. Ua mzima hucheka mpaka machozi, watawa wakiwa miongoni mwao. Mara nyingi atamvuta mtu kutoka kwa watazamaji, na mgeni aliyeketi mbele asishangae. Baadaye mchezo mwingine wa kuchekesha, Tolden, humleta mtakatifu mzururaji kutoka India anayejigamba kwa miujiza na kujikandamiza upanga tumboni, naye anaweza kuutawala uwanja kwa muda mrefu kuliko mchezaji mwingine yeyote. Wageni wengi huondoka hapo kwa kuchoka. Wanakosea. Washerpa huzisubiri sehemu hizi mwaka mzima, na mtu asiyecheka nao uani hatakuwa amehudhuria sherehe, atakuwa ameikagua.

Luther Jerstad, Mmarekani aliyefika kilele cha Everest mwaka 1963, alikuwa mtu wa tamthilia, na baadaye aliandika kitabu kizima juu ya ngoma hizi, kilichotoka mwaka 1969. Nampenda kwa hilo. Alikuwa na haki ya kuishia kusimulia kilele, akachagua kueleza vazi gani huvaliwa na nani na hatua ipi hufuata ipi.

Jua likizama, wageni hutafuta jiko la kuni na supu. Walei ndiyo kwanza wanaanza. Wanaume na wanawake hushikana mikono mabegani, hupanga mstari, na kucheza ngoma za Kisherpa za kukanyaga kwa pamoja, usiku kucha, bia ya chang ikizunguka. Hapa hakuna kinyago wala kitabu. Mwongozaji ambaye ni mwenyeji ataingia mstarini na kukuvuta uingie, atakutambulisha kwa shangazi yake, na utajua kwa nini nasema mwongozaji wa safari hii achaguliwe kwa ukoo wake kama anavyochaguliwa kwa ujuzi wake wa njia. Ramani inaweza kukuonyesha Tengboche. Haiwezi kukuambia yule mtawa aliyecheza mzee ni mtoto wa nani.

Siku ya tatu huwashwa moto wa sadaka uani. Siagi, nafaka na mimea hutupwa humo, na pamoja nazo, kwa imani ya watawa, madhara yote yaliyofungwa wakati wa ngoma. Mandala iliyochukua siku nyingi hufagiliwa, na mchanga wake hupelekwa kwenye maji kama zawadi kwa roho za nyoka wanaomiliki chemchemi. Misafara mingi ya wageni huwa imekwisha kuondoka asubuhi hiyo ili kuwahi vitanda vya mbele. Kama mpango wako una siku moja ya akiba, itumie hapa. Mwili wako utakushukuru pia: usiku tatu kwenye mita 3,867 ni maandalizi bora ya kupanda hadi Dingboche, kijiji kilicho juu zaidi njiani, na kuendelea kuliko dawa yoyote. Na aliyekosa kitanda Tengboche asikate tamaa. Deboche, kwenye monasteri ya watawa wa kike, ni mwendo mfupi wa kuteremka msituni, na Pangboche iko mbele kidogo tu.

Adabu ni chache na hazina ugumu. Kuta za mawe yaliyochongwa sala, minara ya ibada iitwayo chorteni na magurudumu ya sala hupitwa zikiwa upande wako wa kulia. Ndani ya ukumbi viatu na kofia huvuliwa, na picha hazipigwi bila ruhusa. Usimkatize mchezaji njia ili upate picha nzuri. Hilo limekuwa tatizo kubwa zaidi la miaka hii. Sadaka huwekwa sandukuni, na iwe ya maana, kwa sababu watawa hulishwa na kuvishwa na michango, na sherehe ya siku 19 inakula unga, siagi na mafuta ya taa kwa wingi.

Mbali na ya Tengboche, kuna Mani Rimdu nyingine mbili. Chiwong, katika eneo la Solu lililo chini zaidi, hufanya yake msimu huohuo wa vuli, na inamfaa anayehofia mwinuko. Kwa asiyeweza kusafiri Oktoba au Novemba, Thame, magharibi mwa Namche, huifanya mwezi Mei, wakati wapanda Everest wako mlimani na ndugu zao wanawaombea. Tarehe 16 Agosti 2024 maji ya ziwa la barafu yalivunja kingo na kuteremkia kijiji cha Thame, yakabomoa nyumba, shule na kituo cha afya. Wenyeji wanajenga upya. Waandaaji wengi huwalaza wageni wao Namche na kuwapeleka Thame kwa siku moja tu. Mwambie wako mapema, na umwandikie katika mkataba, kwamba mtalala Thame siku zote tatu na kula chakula cha huko.